Mtungi Juu ya Jiko Langu

Jumatatu, 4 Machi

Kesi ya mdogo wangu imeanza leo Mahakama Kuu. Naandika humu kwa sababu katika ukoo wetu ukimwambia mtu jambo asubuhi, jioni unalisikia dukani likiwa limeota mkia na pembe.

Wifi yangu, mke wa mshtakiwa, alitupigia simu wote jana akaamuru tuvae nyeupe, ili Jaji aone ukoo ulivyo safi. Basi tulijaa mabenchi mawili nyuma ya mdogo wangu, weupe juu na matope ya mvua hadi magotini. Mimi nilivaa kijivu. Kazi yangu ni kuoka keki za harusi, na mtu anayeishi na sukari ya unga anajua nyeupe inavyotunza doa.

Jengo kubwa linakarabatiwa, kwa hiyo tumewekwa kwenye ukumbi wa zamani wenye paa la bati. Ipo mashine ya kurekodi ushahidi, imefunikwa kitambaa, na ni mbovu. Jaji, mama mmoja mkavu asiyecheka, anaandika kila neno kwa mkono. Mawakili pamoja na majoho yao wanasema nusu sentensi, wananyamaza, wanakodolea macho kalamu yake mpaka isimame, ndipo wanatoa nusu iliyobaki. Karani anamwambia kila anayefungua mdomo, "Fuata kalamu ya Jaji." Ni kama kumlisha mtoto uji.

Mashtaka yalisomwa. Kampuni ya mdogo wangu hukagua na kujaza mitungi ya kuzimia moto mashuleni, zahanati na maofisini. Serikali inadai mitungi haikujazwa kitu. Ilioshwa, ikapakwa rangi nyekundu, ikabandikwa stika mpya ya ukaguzi, mshale wa kipimo ukagandishwa kwa gundi kwenye kijani, ikarudishwa ukutani ikameremeta. Mdogo wangu alijibu kwamba si kweli. Nilimlea mimi baada ya mama kufariki, nilimbeba mgongoni nikiwa mwenyewe mtoto, na uso wake naujua kuliko kiganja changu. Nilijivunia alivyosimama.

Aliyemchongea ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee. Mimi humwita Bwana Spana, kwa kuwa siku ya kuja kuposa alikuja na spana mfukoni mwa koti, ikamtoboa bitana. Kazi ya kufunga mitungi kwenye kuta za watu alipewa na mdogo wangu, na aliyempigia magoti mdogo wangu ni mimi. Sasa shangazi mmoja alikuwa ananinong'oneza, "Kikulacho ki nguoni mwako," kila baada ya dakika chache, kama saa ya ukutani. Nilimwambia nimesikia.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ilipiga bati, Jaji akawa hasikii hata anayesimama mbele yake. Kesi imeahirishwa. Nimerudi kuoka.

Jumatatu, 11 Machi

Leo alisimama muuguzi wa zahanati iliyoungua stoo. Alivuta pini, akabonyeza, mtungi ukatoa pumzi tu. Akaingia kuokoa maboksi ya dawa kwa mikono yake. Ngozi ya mikono hiyo sasa inang'aa na vidole havikunjiki vizuri. Aliulizwa anaweza kufanya kazi gani siku hizi, akasema anasajili wagonjwa, ila kuandika anaandikiwa.

Nilimhurumia, sikatai. Lakini upande wetu una wakili, nimempa jina Miwani, kwa sababu anavaa moja puani, nyingine kipajini, na bado anapapasa meza akitafuta ya tatu. Alimuuliza muuguzi kama alifundishwa kutumia mtungi. Akasema ndiyo. Akamuuliza kama siku ile aliogopa. Akasema ndiyo. Wakili Miwani akatugeukia akatabasamu, kama vile mtu akiogopa ndipo mtungi unakuwa mtupu. Wifi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ana akili za kuazima, na aliyemwazima ni wakili.

Jumanne, 19 Machi

Siku ya Bwana Spana.

Alikuja na shati lililopigwa pasi mbele tu. Alisimama kizimbani mikono nyuma, akaanza kusema taratibu, neno kwa neno, akisubiri kalamu bila kuambiwa, kama anasoma maagizo ya dukani. Alisema kazi yake haikuwa kujaza, ni kufunga ukutani. Mitungi ilitoka chumba cha kujazia ikiwa imepigwa lakiri, na chumba hicho funguo alikuwa nazo mdogo wangu. Alisema mwaka jana alianza kuwa na shaka, akafungua mmoja shuleni, mmoja ofisini, akakuta hewa. Akamwendea mdogo wangu faragha. Mdogo wangu akamwambia angalia kazi yako. Akaangalia kazi yake mwezi mmoja, stoo ya zahanati ikaungua, akaenda kuripoti.

"Shaka ilianza wapi?" aliuliza wakili wa serikali, msichana mdogo mwenye sauti kubwa.

Kalamu ya Jaji ilisubiri. Mwishowe Bwana Spana akasema, "Kwenye mtungi mmoja wa mtu binafsi." Alipoulizwa mtu gani, akasema hapendi kumtaja.

Basi Wakili Miwani alimrukia kama paka. Huyo mtu hayupo! Mitungi aliimwaga yeye, kwa kinyongo cha kunyimwa umeneja, ili amwangushe mwajiri aliyemwokota. Asipomtaja mtu huyo, Mahakama imwone mwongo, na kesi nyingine imsubiri yeye mwenyewe. Bwana Spana alijibu kwamba hakuomba umeneja. Nilikaribia kucheka. Kama angeuomba ningemheshimu kidogo, angalau angekuwa na tamaa kama watu.

Huyu ni mtu anayegusa kila kitu. Akija kwangu haketi. Atakaza bawaba ya kabati, atatikisa meza, atainama kusikiliza friji. Mwaka jana alishusha hata mtungi wangu wa jikoni, zawadi ya mdogo wangu siku nilipohamia, kwa kuwa eti kuutundika juu ya jiko ni kosa, moto ukiwaka nitaufikia vipi. Akaondoka nao, akaurudisha kesho yake, akaupigilia karibu na mlango, akaniachia unga mweupe sakafuni nikafagia mwenyewe. Alipotoka tu niliurudisha juu ya jiko. Mwenye kampuni aliuweka pale, na huyu mkwe ni fundi wa misumari tu.

Binti yangu alikaa benchi la upande wa pili, peke yake. Alinisalimia kwa kichwa. Sikumjibu.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Karani alituambia turudi. Wifi aliteleza ngazini akiwa na nyeupe yake, na hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.

Jumatano, 3 Aprili

Serikali imefunga ushahidi wake. Jioni tuliitwa kwa wifi, kikao cha ukoo. Walikula, wakamlaani Bwana Spana, wakala tena. Binamu mmoja aliyepewa gari na mdogo wangu alisema damu ni nzito kuliko maji. Mwingine aliyejengewa nyumba akasema kweli. Ilikuwa kama kusikiliza kuku wakishukuru pumba. Wifi alitaka nimwambie binti yangu aachane na mumewe kabla ya hukumu, "ili atoke mapema." Nilimwambia binti yangu si abiria. Kila mtu alinishangaa, nami nilijishangaa pia, kwa sababu wiki iliyopita nilikuwa nawaza hivyohivyo.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo mdogo wangu alijitetea, na sikupenda nilichokiona. Nitakiandika kilivyokuwa.

Yeye hajui kusema polepole. Amezoea kusema na wanaomdai kibali au wanaomwomba kazi. Alianza kwa mbio, Jaji akainua mkono, akamwambia arudie. Akarudia, lakini ya pili haikuwa ya kwanza. Mara ya kwanza chumba cha kujazia kilikuwa na mafundi watatu. Aliporudia wakawa wawili na yeye mwenyewe akisimamia. Alipoulizwa tena, hakuwa akiingia humo kabisa. Kalamu ilisimama. Jaji akamsomea alichosema, pole pole, kauli zote tatu, bila kupandisha sauti. Mdogo wangu akajifuta shingo. Njia ya mwongo fupi, wanasema watu, na ikipimwa kwa kalamu inakuwa fupi zaidi. Nilijilazimisha kuamini kwamba amechoka.

Ndipo akatafuta pa kutokea, akanipata mimi.

"Mheshimiwa Jaji," alisema akinionyesha kidole, "yule pale ni dada yangu, ndiye aliyenilea. Jikoni kwake kuna mtungi wa kampuni yangu, nimempa kwa mkono wangu. Ningempa mama yangu wa pili mtungi mtupu?"

Watu wote walinigeukia. Wifi aliniminya goti. Nilijisikia vizuri, nakiri, kama keki iliyowekwa katikati ya meza.

Wakili Miwani alilewa hapohapo. Akaomba mtungi huo uletwe na ujaribiwe mbele ya Mahakama, na kwamba mimi nije nithibitishe haujaguswa na mtu. Wakili wa serikali akapinga: shahidi hukaa nje mpaka aitwe, na mimi nimekaa ndani tangu siku ya kwanza nikisikiliza kila kitu. Jaji akasema hoja ni nzuri, atanisikiliza hata hivyo na atapima mwenyewe uzito wa maneno yangu.

Mdogo wangu akasema haraka kwamba hakuna haja ya kunisumbua, au basi, mtungi ataupitia yeye mwenyewe jioni aulete asubuhi. Jaji akamwambia, "Karani ataufuata sasa hivi."

Walikuja nyumbani karani, askari, na mawakili wa pande zote, wakaacha nyayo za matope hadi kwenye meza yangu ya kukandia. Waliutoa juu ya jiko. Ukutani umebaki mduara msafi katikati ya ukuta ulioingia mafuta.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua ilikatika saa nne, tukatoka wote uani: Jaji chini ya mwavuli, mawakili na majoho yao wameyashika kama wanawake wanaovuka mtaro, na ukoo mweupe nyuma. Mtaalamu wa zimamoto aliusimamisha mtungi wangu juu ya tofali, akavuta pini, akabonyeza.

Unga ulitoka kwa kishindo. Wingu zima, jeupe, likafunika ua, likamwingia Wakili Miwani kwenye miwani zote mbili. Ukoo ukashangilia. Wifi alipiga vigelegele mpaka askari akamnyamazisha.

Mimi nilikuwa namtazama mdogo wangu, maana ilikuwa saa yake, nilitaka nimwone akifurahi. Hakufurahi. Alikuwa amekunja mabega na kufumba jicho moja, kama alivyokuwa akisubiri kofi alipovunja kitu. Unga ulipotoka alifumbua, akautazama mtungi mdomo wazi. Katika ua ule wote hakuna mtu aliyeshangaa kuliko yeye. Halafu akatukumbuka, akacheka.

Unga ukatulia juu ya viatu vyetu. Niliinama kuupangusa, nikauona kati ya vidole vyangu, nikakumbuka nilivyoufagia jikoni mwaka jana huku nikimtukana Bwana Spana kimoyomoyo. Nikabaki nimeinama. Shangazi akadhani nimeshikwa na mgongo.

Jumatano, 10 Aprili

Mdogo wangu alikuja jioni na matunda, kama mtu anayemtembelea mgonjwa. Alisema kesi imekwisha, bado neno langu tu: niseme hakuna aliyeugusa ule mtungi. Maneno manne tu, alisema, na akacheka peke yake.

Nilimuuliza, "Kwa nini ulishangaa?"

"Lini?"

"Unga ulipotoka."

"Nilifurahi, Dada."

"Ukifurahi najua unavyokuwa."

Akashika chungwa akaligeuzageuza. Akasema biashara ina mambo yake, wapinzani wengi, mtungi mmoja mmoja unaweza kupita bila kujazwa, mafundi wavivu, na mtu hawezi kuingiza pua kila mahali. Akasema watoto wake wako shuleni kwa jasho lake, na keki zangu zilianza kwa oveni aliyonunua yeye. Yote ni kweli. Oveni ile alininunulia, kubwa, ya gesi, na juu yake akanitundikia kopo tupu lililopakwa rangi, na kila mwaka akaja kubadilisha stika akiwa ananisimulia habari za safari zake. Nilimtazama anavyokula chungwa langu na kutema mbegu kwenye sahani yangu, nikamdharau. Sikuwahi kumdharau kabla, na iliniuma kama jino.

Sikumwambia nitasema nini. Alichukulia kwamba amesikia ndiyo.

Jumamosi, 13 Aprili

Nilikwenda kwa binti yangu. Wanaishi chumba kimoja na sebule tangu Bwana Spana afukuzwe kazi. Hakuwepo, alikuwa anatengeneza pampu ya maji ya watu. Binti yangu alinipa shikamoo kavu na kiti kinachoyumba. Hata viti vya kwake fundi huyu hajavikaza.

Niliuliza bila kuzunguka: mtu binafsi ambaye mumeo hataki kumtaja ni mimi?

Alisema ndiyo. Siku ile mumewe alitaka kuuhamisha tu mtungi, akauona mwepesi. Akaubonyeza uani kwangu, ukatoa pumzi; hilo nililiona mwenyewe nikiwa mlangoni, nikadhani ameuharibu. Akaenda kuujaza kwa fundi wa mjini kwa pesa yake, kwa kuwa hakutaka nilale na kopo tupu juu ya gesi. Alidhani ni bahati mbaya ya mtungi mmoja. Ndipo akaanza kufungua mingine.

"Na alinyamaza kizimbani, na kesi inamgeukia yeye?"

"Nilimwambia akutaje, Mama. Tuligombana siku tatu."

"Akasemaje?"

"Alisema mtu hamburuzi mama mkwe wake mahakamani. Na alisema ukiitwa utakana. Alisema, 'Mama akikana mbele ya watu, hatutaweza kuketi naye meza moja tena. Afadhali nisijue.'"

Nilitoka bila kunywa chai. Niko na hasira mpaka sasa. Mtu mzima, anatishiwa kesi, analinda meza ya chakula! Na zaidi, ana uhakika gani kwamba ningekana? Nimekaa na swali hilo njia nzima, na ubaya wake ni kwamba nalijua jibu. Kama angenitaja ile tarehe kumi na tisa, ningesimama mbele ya Jaji nikasema mtu huyu hajawahi kugusa mtungi wangu, na ningerudi nyumbani nikaoka.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilivaa kijivu.

Karani alinifikisha kizimbani, nikaapa. Wifi na weupe wake waliinua videvu. Mdogo wangu alinikonyeza. Upande wa pili binti yangu alikuwa anatazama sakafu, na Bwana Spana pembeni yake anatazama mguu wa meza ya karani, ambao kweli umelegea.

Wakili Miwani aliniuliza kama mtungi ule ni wangu. Ni wangu. Nilipewa na nani? Na mdogo wangu. Ulikuwa na unga ulipojaribiwa? Ulikuwa nao, nawe ulikula, nilimwambia, na watu wakacheka, Jaji hakuandika.

"Sasa, mama, tangu ulipopewa mpaka ulipochukuliwa na Mahakama, kuna mtu yeyote aliyeugusa, mbali na ndugu yako?"

Niliisubiri kalamu. Iliandika swali lake, ikasimama, na ukumbini pakawa panasikika matone machache tu juu ya bati.

"Yupo," nilisema.

Wakili Miwani alivua miwani moja. Alisema hana swali zaidi, akakaa kama mtu aliyekalia sindano. Wakili wa serikali alikuwa ameshasimama.

"Ni nani huyo?"

"Mkwe wangu. Yule anayetazama meza."

Nikaeleza, na nikafuata kalamu. Mkwe wangu aliushusha mwaka jana. Kalamu. Aliubonyeza uani kwangu, nikiwa nimesimama mlangoni. Kalamu. Nilimgombeza kwamba ameuharibu. Kalamu. Aliondoka nao, akaurudisha kesho yake ukiwa mzito, akamwaga unga kidogo sakafuni.

"Alipoubonyeza mara ya kwanza ulitoa nini?"

"Pumzi."

Jaji aliinua kichwa. "Rudia, mama."

Nikarudia yote tangu mwanzo, nayo ilikuwa ileile. Aliifuatisha kwa ncha ya kalamu kwenye karatasi, mstari kwa mstari.

Kisha akaniuliza mwenyewe kwa nini sikuyasema haya kabla. Nilimwambia niliamini mkwe ndiye mharibifu. Akauliza, na sasa? Nikamwambia, "Sasa nimeuona uso wa ndugu yangu unga ulipotoka. Nilimlea mimi. Alikuwa anangoja pumzi."

Wakili Miwani aliruka kupinga, hayo ni maoni. Jaji alikubali. Aliweka kalamu chini, hakuliandika hilo. Lakini alimgeukia mdogo wangu akamtazama kwa muda, na mdogo wangu akainamisha kichwa.

Niliposhuka, wifi alisema kwa sauti, ili nisikie, kwamba tasa wa akili hazai haya. Shangazi alivuta pochi yake karibu nami nilipopita, kana kwamba ninaiba. Sikukaa kwenye benchi lao wala la upande wa pili. Nilikwenda nje, nikasimama kwenye mvua, nikalia kwa ajili ya mtoto niliyembeba mgongoni.

Jumanne, 16 Aprili

Oda mbili za keki zimefutwa. Zote za ukoo. Hawakuwa wakilipa kwa wakati hata hivyo.

Jumatatu, 22 Aprili

Binamu mwenye gari amesema popote anapoketi kwamba nimehongwa. Nihongwe na Bwana Spana? Kwa kitu gani, bawaba?

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Hakuna aliyenipigia simu.

Ijumaa, 17 Mei

Hukumu. Jaji alisoma kwa saa nyingi, kwa sauti ileile, mpaka watu wengine wakasinzia. Alisema mshtakiwa alitoa simulizi tatu za chumba kimoja. Alisema shahidi aliyekuja kumtetea ndiye aliyemweleza vizuri zaidi. Mdogo wangu amefungwa. Muuguzi alifuta machozi kwa nyuma ya mkono, kwa kuwa vidole havikunjiki.

Mabenchi meupe yalikuwa nusu tupu. Aliyejengewa nyumba hakuja, wala mwenye gari. Debe tupu huvuma, lakini kuja kortini siku ya hukumu halikuja. Mdogo wangu alipopitishwa na askari hakunitazama. Nilimwita jina lake la utotoni, akaendelea kutembea. Nilijua atafanya hivyo, na bado nilisimama pale hadi gari likaondoka.

Jumapili, 26 Mei

Nilioka keki ndogo nikaipeleka gerezani. Hawapokei keki. Nikaila njiani kipande kipande, ilikuwa kavu kidogo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Bwana Spana mlangoni, binti yangu nyuma yake na mwavuli. Mtungi wangu umebaki mahakamani kama kielelezo, kwa hiyo ameniletea mwingine. Aliuweka chini, akanisalimia, akaanza kunieleza kwamba ameupima mwenyewe, kwamba mshale unatembea, kwamba niubonyeze nikitaka. Nilimwambia asinimwagie unga. Akasema hatamwaga.

Aliingia jikoni na misumari mdomoni na nyundo mkononi. Akautazama mduara msafi juu ya jiko, akautazama ukuta wa karibu na mlango, ambako tundu la msumari wake wa mwaka jana bado lipo. Akatoa misumari mdomoni.

"Mama, niuweke wapi?"

"Palepale ulipouweka wewe," nilisema, na nikaenda kuwatengea meza.